Gemu za Windows kwa Mac: soma hii kabla hujamaliza bando

"MacBook inaweza beba GTA?" "Mbona Steam (lile duka la gemu mtandaoni) imekataa kuinstoli, kitufe kimefifia?" "Naeza cheza FC, ile ya mpira, na hii M1 yangu?" Haya maswali yananifikia kila wiki hapa Kisumu, sana sana kutoka kwa wanafunzi wa Maseno na vijana wa mtaani ambao wamenunuliwa Mac ya masomo ama wamejinunulia ile ya ex-UK, na sasa jioni wakimaliza kazi ya darasa wanataka kucheza kitu. Nimeona niandike yote mahali pamoja, ndio ukikwama unarudi hapa unaendelea.

Jibu la haraka ni kwamba gemu nyingi za Windows zinacheza kwa Mac, na zinacheza poa kuliko vile watu wanadhani. Lakini kuna zile hazitawahi kucheza hata ufanye nini. Ndio maana kazi ya kwanza sio kudaunlodi, ni kuangalia. Gemu ya GB 100 kwa intaneti ya Mbps 10 inachukua kama masaa 22 bila kukatika, sasa fikiria stima ipotee katikati ama iwe ni bando ya simu unatumia, halafu ukimaliza ndio unagundua gemu yenyewe haifunguki. Dakika kumi za kuangalia zinakuokolea hiyo hasara yote.

Vitu unahitaji

- Mac, na ujue chipu yake. Bonyeza alama ya tufaha juu kushoto halafu "About This Mac". Ikiandika M1, M2, M3 na kuendelea, hiyo ni Apple Silicon na hatua zote hapa chini ni zako. Ikiandika Intel, ruka mpaka sehemu ya Intel, njia yako ni tofauti.
- Memori. GB 8 inatosha gemu za zamani na za wastani, zile kubwa za siku hizi zinataka 16. Kwa Apple Silicon memori ni moja tu, prosesa na grafiki zinagawana, so usiifananishe na PC ya GB 8 yenye kadi yake ya grafiki pembeni.
- Nafasi. Hesabu ukubwa wa gemu, ongeza GB 20 juu yake. Kama Mac yako ni ya GB 256 tafuta SSD ya nje ya USB-C. Flash disk usijaribu, itakuwa inakwama kila saa.
- macOS Sonoma (14) ama mpya zaidi. Sequoia (15) ni bora, juu kuna gemu zinadai maagizo ya prosesa yanayoitwa AVX na Mac za M zilianza kuyaelewa kwa Sequoia.
- Akaunti ya Steam, Epic ama GOG, zote ni maduka ya gemu mtandaoni, na njia ya kulipa. Kama huna kadi ya benki, M-Pesa GlobalPay inakupatia kadi ya Visa ya mtandaoni ndani ya simu.
- Maus ama pedi. Gemu ya kupiga risasi na trackpad ni kujitesa bure.
- Chaja, na mahali penye hewa. Hii ya hewa nitairudia, hapa kwetu ni jambo kubwa.

Nini inafanyika kule ndani

Jua tu hivi. Hauweki Windows kwa Mac yako, unaweka mtafsiri. Kuna Wine, mradi ulioanza 1993, inachukua maombi ambayo gemu inapelekea Windows na kuyageuza yaeleweke na macOS. Kuna Rosetta 2 ya Apple, inageuza kodi ya chipu za Intel iwe ya chipu za M. Halafu kuna D3DMetal, ambayo Apple ilitoa 2023, inageuza DirectX 11 na 12, lugha ya grafiki ya Windows, kuwa Metal, ile lugha ya grafiki ya Mac. CrossOver ni programu inayofunga hizi zote pamoja ndio usipate shida ya kuziunganisha mwenyewe. Basi, hiyo ndio nadharia yote utahitaji.

Hatua zenyewe

1. Angalia kwanza kama gemu iko na toleo la Mac.

Watu wengi wanaruka hii. Fungua ukurasa wa gemu kwa Steam, utafute alama ya tufaha karibu na bei. Cyberpunk 2077 ilikuja Mac Julai 2025. Baldur's Gate 3, No Man's Sky, Stardew Valley na Football Manager pia ziko. Zingine kama Resident Evil Village toleo lao la Mac liko kwa App Store ya Apple, sio Steam, so angalia huko pia. Kama yako iko hapo, weka Steam ya kawaida ya Mac, instoli, cheza. Mwongozo umeishia hapo kwako.

2. Angalia antichiti. Hii ndio hatua muhimu kuliko zote.

Gemu za mtandaoni ziko na programu ndogo ya kukamata wadanganyifu, na zile kali zinaingia ndani kabisa ya Windows, kwa kiini chake. Kwa Mac hakuna hicho kiini, kuna mtafsiri tu, so antichiti inakataa na gemu inajifunga. Hakuna seting ya kurekebisha hiyo. Ukiona video mtu anakuonyesha vile "ameipita", achana nayo, mwisho wake ni akaunti yako kufungiwa.

Hizi usipoteze wakati nazo: Valorant, Fortnite, PUBG, Apex Legends, Call of Duty Warzone, na hizi EA Sports FC za sasa. Najua hiyo ya FC inauma, ndio inaulizwa kuliko zote, lakini ni bora nikwambie ukweli sasa kuliko ununue halafu ikatae. Na sio upande wa mechi za mtandaoni peke yake, antichiti yake inaanza kabla hata ya menyu kufunguka, kwa hivyo hata career mode haupati.

GTA V iko katikati. Stori yenyewe, ya Michael, Franklin na Trevor, inacheza. GTA Online ilikuwa inacheza pia lakini Septemba 2024 waliongeza antichiti inaitwa BattlEye na hiyo njia ikafungwa. Kama ulikuwa unataka stori, endelea. Kama ulikuwa unataka Online na maboyz, Mac sio mahali pake.

Gemu za mtu mmoja bila mtandao ndio zinacheza vizuri zaidi. Hapo ndio Mac inakupatia raha.

3. Tafuta jina la gemu kwa orodha za majaribio.

Kuna mbili naamini. Tovuti ya CodeWeavers, wenye kutengeneza CrossOver, inapatia kila gemu nyota kulingana na vile inacheza. Ya pili ni AppleGamingWiki, inakuonyesha gemu moja kwa kila njia, CrossOver, Parallels na zingine. Soma maoni ya watu wenye chipu kama yako. Mtu mwenye M3 Max akisema inaruka hiyo haikusaidii wewe mwenye M1 ya GB 8. Na uangalie tarehe, maoni ya miaka mitatu iliyopita yamepitwa, mambo hapa yanabadilika haraka.

4. Weka Rosetta.

Fungua Terminal, andika hii mstari, bonyeza Enter:

softwareupdate --install-rosetta

Itakuuliza ukubali masharti, andika A kisha Enter. Ikisema iko tayari, sawa, songa mbele.

5. Chukua CrossOver ya majaribio.

Nenda kwa tovuti ya CodeWeavers yenyewe, sio mahali pengine, uchukue ya majaribio ya siku 14. Ni programu kamili, haijapunguzwa kitu. Ukilipa baadaye ni karibu dola 74, unapata masasisho ya mwaka mmoja na hiyo toleo uko nayo inabaki yako hata mwaka ukiisha. Mara nyingi wanapunguza bei wakati wa Black Friday mwezi wa Novemba, kama unaweza kungoja, ngoja.

Onyo: ile CrossOver ya bure iliyovunjwa inayosambazwa kwa Telegram usiiguse. Unaipatia ruhusa ya kusoma mafaili yako yote, na kwa hiyo Mac kuna projekti yako ya shule na paswedi zako. Siku 14 zinatosha kabisa kujua kama gemu yako itacheza. Anza kuzihesabu siku ambayo gemu iko tayari kuingia, usiianze majaribio Jumatatu halafu gemu imalize kudaunlodi wiki ijayo.

6. Weka Steam ya Windows ndani ya chupa.

Fungua CrossOver, bonyeza "Install", tafuta Steam, ikubali. Itatengeneza kitu kwa skrini kimeandikwa Bottle, mimi naita chupa: ni foda moja iliyojitenga inayojifanya ni diski C ya Windows. Kila kitu cha gemu kinakaa humo, na ukiharibu unafuta chupa, Mac yako haiguswi.

Hapa kuna mkanganyiko unarudi kila mara. Utakuwa na Steam mbili. Ile ya Mac, kwa Applications, inaonyesha gemu za Mac tu, na ndio maana kitufe kilikuwa kimefifia. Hii ya ndani ya chupa inajiona iko kwa Windows, so kitufe cha kuinstoli kinafunguka. Akaunti ni ile ile, gemu zako zote utazikuta. Kabla hujafungua hii ya chupa, funga ile ya Mac kabisa, zikiwa wazi pamoja zinasumbuana.

7. Ingiza gemu.

Kama uko na fiber nyumbani, bonyeza instoli uende ukalale. Kama hauna, soma hapa vizuri juu hii imesaidia watu wengi.

Tafuta rafiki mwenye PC ya Windows yenye hiyo gemu kutoka Steam. Kwa PC yake ingia C, Program Files (x86), Steam, steamapps, common. Humo kuna foda yenye jina la gemu. Kopi hiyo foda nzima kwa SSD yako ya nje. Sasa rudi kwa Mac. Kwa CrossOver chagua chupa ya Steam, bonyeza kulia, chagua kufungua diski C, ufuate njia ile ile mpaka common, upesti foda hapo. Jina lisibadilike hata herufi moja. Halafu fungua Steam ya chupa, bonyeza instoli kama kawaida. Badala ya kuanza kudaunlodi, Steam itasema inakagua mafaili yaliyopo, itaenda polepole asilimia baada ya asilimia, mwisho itachukua tu vile vipande vimekosekana. Nimeona gemu ya GB 80 ikiingia kwa bando ya chini ya GB moja hivi. Lazima lakini gemu iwe yako kwa akaunti yako, kukopi foda hakukupatii haki ya kucheza.

SSD nayo iko na mtego wake. Ikiwa imefomatiwa NTFS, ile ya Windows, Mac itasoma lakini haitaandika. Kwa kazi ya kubeba kati ya PC na Mac, fomati exFAT. Ukitaka gemu ikae na kucheza kutoka kwa SSD siku zote, fomati APFS. Kufomati kunafuta kila kitu, so toa picha za familia kwanza. Kuiongeza kwa Steam, nenda seting za Storage, ongeza foda mpya, utaipata chini ya diski Z kwenye Volumes.

Gemu za kuvunjwa, zile "repack", watu wananiuliza kila siku. Ushauri wangu ni uziache. Zinabeba virusi, instola zake zinakwama ndani ya chupa, na ikikataa hautajua kama shida ni Mac ama ni vile imevunjwa. Steam inakurudishia pesa ukiomba ndani ya siku 14 za kununua na uwe umecheza chini ya masaa mawili. Hayo masaa mawili ndio jaribio lako. Nunua, fungua, tembea kidogo ndani ya gemu, isipocheza vizuri omba pesa. Ukiwa hauna pesa kabisa, Epic inapeana gemu ya bure kila wiki, na kuna programu ya bure inaitwa Heroic Games Launcher inafungua gemu za Epic na GOG kwa Mac bila kununua CrossOver. Iko na kazi mingi kidogo ya kuseti lakini inafanya.

Ukisikia mtu anakupendekezea Whisky, programu ya kazi kama ya CrossOver, hiyo ilikuwa nzuri na ya bure, ila tangu 2025 mwenye kuitengeneza aliacha kuishughulikia. Usianze nayo leo.

8. Seti chupa.

Kwa CrossOver chagua chupa, upande wa kulia utaona seting. Zenye ziko na maana ni hizi:

Graphics: gemu ya DirectX 11 ama 12, chagua D3DMetal. Ikisumbua na ni ya DirectX 11, jaribu DXMT, mtafsiri mwingine wa grafiki. Ikikataa tena jaribu DXVK. Gemu za kale za DirectX 9, acha Auto.

Synchronization: MSync. Inapunguza mzigo kwa prosesa, na tofauti unaiona.

High Resolution Mode: zima. MacBook Air ya M1 iko na skrini ya 2560 kwa 1600, ukiiambia gemu ijaze hizo pikseli zote itatambaa.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, funga gemu, fungua tena, angalia. Ukibadilisha vitu vitatu mara moja na ikaanza kufanya, haujui ni gani imesaidia, na siku ikikataa hautajua pa kuanzia.

9. Fungua gemu, seti grafiki.

Mara ya kwanza itachelewa kufunguka, na dakika za kwanza picha itakuwa inashtuka shtuka kila ukigeuka mahali papya. Usiogope, inatafsiri shaders, yale maagizo ya kuchora mwanga na rangi, na kuziweka. Zunguka kidogo, itatulia.

Kwa M1 ama M2 ya kawaida anza na 1440 kwa 900, grafiki Low ama Medium, vivuli chini kabisa, na ufunge fremu 30 ama 40 kwa sekunde. Kama gemu iko na FSR, ile seting ya kuchora picha ndogo halafu kuikuza ndio grafiki isilemewe, iwashe. Ukiona imetulia ndio upandishe moja moja. Watu wanaanza na Ultra halafu wanasema Mac ni mbaya.

Joto, hasa kama uko pande za ziwa

Hapa nataka nikae kidogo. MacBook Air za M hazina feni. Hakuna kabisa. Zikipata moto zinajipunguza nguvu zenyewe ndio zisiungue. Mtu aliye na chumba cha baridi kule Ulaya anacheza saa nzima bila kuona tofauti, lakini hapa Kisumu saa nane mchana, chumba cha mabati, nyuzi 30 na juu hata kabla hujafungua laptopu, utaona gemu inaanza vizuri halafu baada ya kama dakika kumi na tano fremu zinashuka karibu nusu. Hapo mtu anadhani CrossOver imeharibika anaanza kufuta chupa. Hakuna kilichoharibika, ni joto.

Fanya hivi. Usicheze ukiwa umeiweka kwa kitanda ama juu ya mto. Weka kwa meza ngumu, inua nyuma kidogo, hata vifuniko viwili vya soda kila upande vinatosha hewa ipite. Elekeza feni ya kawaida ya nyumba kwa laptopu, sio kwa uso wako peke yake. Toa kava ya plastiki, zile kava za rangi zinashika joto sana. Funga fremu 30, inafanya kazi kidogo na joto linakuwa kidogo. Na kama unaweza, cheza usiku ama asubuhi. Nakuru na Eldoret wenzetu wana afadhali kwa hii, hali ya hewa inawasaidia.

Ukiwa bado hujanunua Mac na unajua gemu ni muhimu kwako, tafuta MacBook Pro ama Mac mini, hizo ziko na feni.

Kama Mac yako ni ya Intel

Wewe unaweza kuweka Windows kamili kupitia Boot Camp, kitu ambacho Mac za M haziwezi. Inaenda hivi:

1. Weka bekapu ya mafaili yako yote kwa diski ya nje. Kugawa diski kukienda vibaya unapoteza yote.
2. Daunlodi faili ya ISO ya Windows 10 ya biti 64 kutoka Microsoft wenyewe. Windows 11 hawakuiruhusu rasmi kwa Boot Camp.
3. Chomeka chaja. Kama stima ya kwenu inapotea ovyo, hakikisha betri imejaa na iko na afya, hii kazi isikatike katikati.
4. Fungua Boot Camp Assistant kwa Utilities. Ipatie Windows angalau GB 64, lakini kwa gemu GB 128 ndio ya maana. Kubadilisha ukubwa baadaye ni shida, so amua vizuri sasa.
5. Ikimaliza na Windows ikafunguka, weka madreva ya Boot Camp itakayokuletea, ndio waifai, sauti na grafiki zifanye.
6. Kuchagua Mac ama Windows, shikilia Option wakati inawaka.

Jua mambo mawili. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, so upande wa Windows tumia kwa gemu, mambo ya benki fanyia kwa macOS. La pili, ile MacBook Air ya 2017 inayouzwa sana kwa maduka ya mitumba iko na prosesa ya kor mbili na Intel HD 6000, hiyo ni grafiki dhaifu hata ukiweka Windows. Gemu za miaka ya 2000 sawa, za kisasa hapana. Mtu asikuuzie kwa bei ya "gaming".

Na Parallels je?

Hiyo inafungua Windows 11 ya ARM ndani ya dirisha. Ni nzuri kwa programu za kazi, kwa gemu inafika DirectX 11 tu, 12 haina, na inataka memori ya Windows na ya Mac kwa pamoja. Na GB 8 usijisumbue. UTM na VirtualBox, zingine za kufungua Windows ndani ya dirisha, kwa gemu za 3D sahau. Kustrimu gemu kutoka seva za mbali kunategemea uko umbali gani na hiyo seva, na sisi huku kwetu tuko mbali, kila kitufe unabonyeza kinachelewa kidogo.

Ikikataa

*Steam ya chupa inaonyesha dirisha jeusi.* Chagua chupa, bonyeza "Simulate Reboot", ngoja, fungua tena. Ikiendelea, sasisha CrossOver, Steam hubadilika mara kwa mara na CrossOver ya zamani inaachwa nyuma.

*Gemu inafunguka inajifunga hapo hapo.* Rudi hatua ya 2, angalia antichiti. Kama haina, badilisha Graphics. Bado? Kwa ile chupa ya Steam instoli Visual C++, iko kwa orodha ya CrossOver, gemu nyingi zinaitegemea. Hakikisha unaiweka kwa chupa ile ile, ukitengeneza chupa mpya haitasaidia kitu.

*Inasema prosesa haina AVX.* Uko chini ya Sequoia. Panda.

*Picha iko sawa lakini hakuna sauti.* Mara nyingi ni vile umeunganisha spika ya Bluetooth gemu ikiwa tayari imefunguka. Unganisha kwanza, fungua gemu baadaye.

*Pedi haionekani.* Iunganishe na Mac kwanza kwa Bluetooth. Ya PS4 shikilia Share na PS pamoja mpaka taa imweke haraka. Halafu fungua Steam, pedi iwe tayari imewaka.

*Ilikuwa inacheza, imeacha baada ya kusasisha macOS.* Usikimbilie toleo jipya kubwa siku limetoka, ngoja CrossOver itangaze iko tayari. Na jua Apple wamesema Rosetta kamili itakuwepo mpaka macOS 27, baada ya hapo watabakisha sehemu ya kubeba baadhi ya gemu za zamani. So kama Mac yako iko vizuri kwa toleo uko nalo, hakuna haraka ya kupanda.

*Nimefuta gemu lakini diski bado imejaa.* Uliburuta ikoni tu. Futa gemu kutoka ndani ya Steam ya chupa. Ukitaka kuondoa kila kitu, futa chupa nzima kutoka kwa CrossOver, lakini kopi seivu zako kwanza, nyingi zinakaa ndani ya hiyo diski C kwa foda ya users, upande wa Documents ama AppData, na chupa ikienda zinaenda nayo. Baadaye mwaga takataka za Trash, nafasi itarudi.